Vipele vya Shingoni Baada ya Kunyoa

SWALI: Nimeacha kwenda kinyozi, nimenunua mashine ya chuma ya kuwekea wembe wa pande mbili. Kila nikinyoa natoka vipele shingoni. Asubuhi watoto wanagombea bafu nami nachelewa kazini. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza hama asubuhi. Nyoa usiku, watoto wakishalala. Wembe na haraka havipatani.

Vipele vyako najua vinakotoka. Ndevu zetu zimejikunja, na zikikatwa chini mno, ncha hujipinda na kurudi ndani ya ngozi. Kwa hiyo usinyoe kinyume cha uoto wake. Pitisha vidole shingoni ukiwa mkavu uone zinaelekea wapi. Shingoni mara nyingi zinalala upande. Fuata huko huko, mkupuo mmoja. Zikibaki kidogo, ziache.

Osha uso kwa maji ya vuguvugu, kisha koroga sabuni kwa brashi hadi povu liwe zito, lisichuruzike. Shika mpini kwa ncha za vidole, uulaze hadi wembe uwe kama nyuzi 30 na ngozi, na usikandamize kabisa: uzito wa chuma unatosha. Hapa ndipo wengi waliozoea nyembe za plastiki hujikata.

Suuza kwa maji baridi, pitisha shabu iliyoloweshwa. Wembe ukianza kuvuta nywele, badilisha. Vipele vikitunga usaha, pumzika kunyoa, umwone daktari wa ngozi. Na nyembe zilizotumika zitie kwenye kopo lenye kifuniko, juu, wasikofikia watoto.