LORI LA DIZELI LIKICHUKUA HEWA: TAFUTA INAPOINGIA
Kwa madereva, mautingo na mafundi wa Katoro

Lori la zamani linalobeba mawe ya dhahabu kutoka Nyarugusu au Rwamagasa kwenda karasha hupigwa na vumbi na mashimo kila siku. Mipira ya mafuta hukauka, kilipu hulegea, na hewa hupenya. Kuitoa hewa hiyo kila asubuhi si matengenezo. Dawa ni kuziba inapoingilia.

DALILI
• Injini inawaka asubuhi kwa shida, kisha inazima muda mfupi baadaye.
• Mlio unapanda na kushuka wenyewe.
• Lori linakosa nguvu mlimani.
• Ukipiga pampu ya mkono linawaka, kesho yake hali ni ile ile.

HEWA INAINGILIA WAPI?
Kati ya tangi na fidi pampu, mafuta yanavutwa. Tundu la hapo huingiza hewa bila kudondosha dizeli, ndiyo maana unaweza kukagua gari ukalikuta kavu kabisa. Kuanzia fidi pampu kwenda mbele mafuta yanasukumwa, hivyo penye tundu huloa.

Anza upande wa kuvuta. Legeza kilipu, kisha ukunje mpira: nyufa nyembamba hujificha hapo hapo chini ya kilipu. Kagua pia washa za kopa, oringi ya filta, sili ya pampu ya mkono na bomba lililozama ndani ya tangi.

JINSI YA KULIPATA TUNDU
1. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kabla tu ya fidi pampu, uwashe injini. Mapovu yakipita, hewa inatoka upande wa tangi.
2. Chomoa mpira wa tangi, fidi pampu ivute kutoka dumu safi la dizeli. Injini ikitulia, kosa liko tangini au kwenye bomba lake. Isipotulia, kagua fidi pampu na filta.
3. Fungua mfuniko wa tangi. Hewa ikivutwa kwa nguvu na injini ikapata nafuu, tundu la kupumulia limeziba. Lisafishe.

KUTOA HEWA
Ukishaziba, legeza skrubu ya hewa kwenye filta. Piga pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila povu, kisha kaza. Rudia kwenye injekta pampu. Kinga dizeli kwa kopo. Usishike stata zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja, ipumzishe.

TAHADHARI
• Injini ya komoni reli mwachie fundi wake.
• Usipapase bomba la nozeli injini ikizunguka. Dizeli yenye presha hutoboa ngozi. Aliyetobolewa awahishwe hospitali hata kama kidonda ni kidogo.
• Zuia magurudumu kwa vigingi. Usivute sigara. Moto ukitokea, piga 114.

Dereva, ukilazimika kupiga pampu ya mkono asubuhi mbili mfululizo, usingoje ya tatu. Peleka lori gereji kabla halijazima mlimani likiwa na mzigo.