MTANDAO WA SIMU WA 5G NA AFYA ZETU

Tangu huduma ya kizazi cha tano cha mtandao wa simu, yaani 5G, ianze nchini Tanzania mwaka 2022, baadhi ya wananchi wamekuwa wakiuliza iwapo minara yake ina madhara. Kuuliza si ujinga. Na somo hili limeandaliwa kwa sababu hiyo.

Kwanza, ifahamike kwamba 5G hutumia mawimbi ya redio, jamaa ya yale yaletayo sauti na picha majumbani mwetu. Mawimbi hayo hayana nguvu ya kuharibu chembechembe za mwili kama ifanyavyo mionzi ya eksirei. Athari yake iliyothibitishwa ni kupasha mwili joto, yanapokuwa makali mno. Hivyo, viwango vya kimataifa vya mwaka 2020 vimeweka kikomo kwa mwananchi wa kawaida kuwa sehemu moja ya hamsini ya kipimo kinachohofiwa kudhuru.

Pili, kuhusu saratani. Mwaka 2011 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwani ushahidi ulikuwa mdogo lakini si wa kupuuzwa. Mwaka 2024 uchambuzi wa tafiti 63, ulioagizwa na Shirika hilo, haukuona uhusiano baina ya simu za mkononi na saratani ya ubongo. Utafiti unaendelea. Ama uvumi wa mwaka 2020 kwamba 5G hueneza UVIKO-19, uliofanya minara ichomwe moto Uingereza, haukuwa na ukweli: virusi havisafiri kwa mawimbi ya redio.

Tatu, simu iliyo sikioni kwa kawaida humfikishia mtu mawimbi mengi kuliko mnara. Aidha, mtandao unapokuwa dhaifu, simu huongeza nguvu ili iufikie mnara. Kuukataa mnara, basi, si lazima kuwe ni kujikinga.

Upande wa manufaa, mjamzito aliyepatwa na dharura usiku huweza kuombewa usafiri wa hospitali kwa namba 115, bila malipo, kupitia huduma ya m-mama. Hapa Zanzibar, wahudumu wa afya wa jamii hutumia simu katika mpango wa Jamii ni Afya wanapotembelea kina mama na watoto. Huduma hizi hazingojei 5G, ila pasipo mtandao hazimfikii mtu. 5G itaongeza wepesi wa kupeleka picha kubwa za vipimo, mathalani kutoka Pemba, kwa daktari bingwa aliye mbali.

Wananchi wanashauriwa:

1. Kutumia spika au visikilizio katika mazungumzo marefu.

2. Mwenye kifaa cha moyo mwilini aiweke simu umbali wa sentimita 15 au zaidi kutoka kifaa hicho.

3. Kutotumia simu wanapoendesha chombo; hatari hiyo haina shaka yoyote.

4. Mwenye wasiwasi na mnara amwone Sheha wake, ili suala lifikishwe Mamlaka ya Mawasiliano.

Tahadhari ni jambo jema, maadamu imejengwa juu ya elimu.