Mtu wa Nyuso Elfu

Katika jimbo la Colorado, nchi ya Marekani, uko mji uitwao Colorado Springs, chini ya mlima mrefu wa Pikes Peak. Katika mji huo alizaliwa Lon Chaney, tarehe 1 Aprili 1883. Baba yake alikuwa kinyozi. Mama yake alikuwa binti wa mtu aliyeanzisha shule ya viziwi mjini humo mwaka wa 1874. Wazazi wote wawili walikuwa viziwi. Basi nyumbani mwao maneno hayakusemwa kwa ulimi, bali kwa vidole, macho na mabega. Na watoto, ingawa wao walisikia vema, waliipata lugha hiyo kama watoto wote waipatavyo lugha ya mama yao.

Lon alipokuwa na umri wa miaka kama kumi, mama yake alishikwa na baridi yabisi kali hata akawa hawezi kuondoka kitandani. Ikamlazimu mtoto kuacha shule ili amwuguze. Alikuwa akienda mjini, akiwatazama watu. Na arudipo alisimama mbele ya kitanda akamwonyesha mama yake mambo yote aliyoyaona, mwendo wa huyu, hasira ya yule, kicheko cha mwingine. Mama hakuweza kusikia, wala hakuweza kutoka nje, na habari za mji zilimfikia kwa uso na mikono ya mwanawe. Uso ule ukikosea, mama hakuelewa, ikabidi kuanza tena. Ni shida kupata chuo cha uigizaji chenye mwalimu mkali kuliko huyo.

Mwaka wa 1902 Lon alianza kucheza jukwaani pamoja na kaka yake, kisha akaingia katika makundi ya wachezaji waliosafiri mji kwa mji. Aliimba, alicheza dansi, alichekesha watu, na pengine alifanya kazi za nyuma ya pazia. Akaishi hivyo kwa miaka kama kumi. Ujira ulikuwa mdogo, tena haukutegemeka: kundi likikosa watazamaji, wachezaji walikosa chakula. Hata ndoa yake ilipovunjika, naye ana mwana mdogo wa kulea, aliliacha jukwaa akatafuta kazi katika sinema huko Hollywood.

Siku hizo picha za sinema hazikuwa na sauti. Maneno machache yaliandikwa na kuonyeshwa baina ya picha na picha, na mengine yote ilimpasa mchezaji kuyasema kwa mwili wake. Wachezaji wengi waliotoka jukwaani, waliozoea kutegemea sauti, waliona kazi hiyo ni ngumu. Kwa Lon ilikuwa ni kama kurudi nyumbani.

Lakini hakupata sifa mara moja. Kwa miaka kama mitano alicheza sehemu ndogo ndogo katika picha zaidi ya mia moja. Husimuliwa kwamba wachezaji wasiojulikana walikusanyika uani asubuhi wakingoja kuchaguliwa, naye Lon alikuja na sanduku lake la rangi. Akitakiwa mzee, alijifanya mzee. Akitakiwa baharia, alikuwa baharia. Alicheza hata Wachina, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, ingawa wachezaji wa Kichina walikuwapo. Jambo hilo leo halisifiwi.

Mwaka wa 1919 ndipo mlango ulipofunguka. Katika picha iitwayo The Miracle Man alicheza mdanganyifu ajifanyaye kilema ili apate fedha. Mtu huyo hutambaa chini, viungo vyake vimepindana, kisha mbele ya umati hujinyosha kiungo baada ya kiungo mpaka akasimama. Picha hiyo imepotea, kimebaki kipande kifupi tu. Lakini ndani yake mna tendo hilo, na kila alitazamaye huona sababu ya watu kuanza kuuliza jina la mchezaji yule.

Mwaka uliofuata, katika The Penalty, alicheza mtu aliyekatwa miguu. Alikunja miguu yake nyuma, akaifunga kwa mikanda ya ngozi, akatembea kwa magoti. Maumivu yalikuwa makali hata hakuweza kuvumilia ila kwa muda mfupi, ndipo mikanda ifunguliwe damu ipite. Huenda mtu akasema ni upumbavu kujitesa hivyo kwa ajili ya mchezo. Hata hivyo watazamaji walimwamini.

Mwaka wa 1923 alicheza Quasimodo, mpiga kengele wa kanisa kuu la Paris katika hadithi ya Victor Hugo. Quasimodo ana kibyongo, ana jicho bovu, na kengele zimemfanya kiziwi. Mwana wa viziwi akapewa kumcheza kiziwi. Watu humcheka Quasimodo, humpiga mijeledi hadharani, na aombapo maji hapana ampaye, isipokuwa msichana mmoja. Chaney alikuwa amejifunika uso kwa rangi, nta na nywele za bandia, lakini chini ya vitu hivyo vyote haya na shukrani za mtu yule zaonekana wazi. Ndiyo tofauti yake na wengine waliojua kupaka rangi tu.

Miaka miwili baadaye alikuwa mtu wa kutisha aishiye chini ya jumba la michezo, katika The Phantom of the Opera. Amekaa akipiga kinanda, amevaa barakoa. Msichana anyemelea nyuma yake, aivuta. Na uso unaotokea ni kama fuvu la kichwa. Uso huo Chaney aliubuni mwenyewe. Alikuwa fundi hata kitabu cha Encyclopaedia Britannica cha mwaka wa 1929 kilichapa maelezo yake juu ya kazi ya kujibadili sura.

Wakati huo sinema zilikwisha kupata sauti, na wachezaji wengi mashuhuri walianguka kwa kuwa sauti zao hazikupendeza. Chaney alikawia kukubali. Mwishowe, mwaka wa 1930, alicheza upya picha yake ya zamani, The Unholy Three, safari hii kwa kusema. Ndani yake alitoa sauti tano mbalimbali, mojawapo ya kikongwe na nyingine ya kasuku, akatia sahihi hati ya kiapo kwamba zote ni zake. Picha ilionyeshwa mwezi wa Julai, ikapendwa sana.

Lakini alikuwa na saratani ya mapafu. Mwezi wa Agosti alilazwa hospitalini Los Angeles, damu ikamtoka kooni, na sauti ile iliyosikika sinemani mara moja tu ikakatika. Husemwa kwamba siku zake za mwisho alizungumza kwa mikono, kama alivyozungumza na mama yake kando ya kitanda. Alikufa tarehe 26 Agosti 1930, mwenye umri wa miaka 47.