Hodi Mlangoni mwa Mtandao



Mimi ni mtu wa Gasorwe, upande wa Muyinga, katika nchi ya Burundi. Kila asemaye Kiswahili aijua hodi: mgeni husimama nje, huulizwa ni nani, hujitaja, ndipo akaribishwe. Leo nataka kuwaeleza jinsi kompyuta nazo zilivyofundishwa adabu hiyo.

Penye kompyuta nyingi, waya zote hukutana katika kisanduku kiitwacho swichi. Kina matundu, mara nyingi 24 au 48, na waya wa kila kompyuta huchomekwa katika tundu lake. Swichi isiyopangwa vizuri haiulizi kitu. Watu hudhani ya kuwa kufuli ya mlango wa ofisi yatosha. Lakini huenda tundu likawa ukutani mwa chumba cha kungojea, na mtu yeyote aweza kuchomeka waya wake hapo.

Je, kuna hatari gani? Fikirini kambi ya Gasorwe, iliyofunguliwa mwaka 2002 kwa wakimbizi kutoka Kongo. Mkimbizi huandikishwa jina lake, watoto wake, na mahali alipotoka. Siku hizi habari za namna hiyo hutunzwa katika kompyuta. Zikifika mikononi mwa wale aliowakimbia, maisha yake yamo hatarini.

Dawa moja ni kanuni iitwayo 802.1X, iliyotolewa mwaka 2001 na IEEE, chama kikubwa cha wahandisi. Tuseme ya kuwa ina watu watatu. Wa kwanza ni mgeni, yaani kompyuta itakayo kuingia. Wa pili ni bawabu, yaani swichi. Wa tatu ni karani mwenye daftari, yaani seva, ambayo kwa kawaida husemezana na bawabu kwa lugha iitwayo RADIUS.

Waya uchomekwapo, tundu hubaki limefungwa. Hapiti neno ila maneno ya kujitambulisha tu. Bawabu huuliza, “U nani?” Mgeni hutoa jina, kisha neno la siri au cheti. Bawabu hahukumu mwenyewe, bali hupeleka majibu kwa karani. Karani akikubali, tundu hufunguka. Tena aweza kuagiza: “Huyu ni mwalimu, mpeleke upande wa waalimu, yule ni mgeni, mpeleke upande wa wageni.”

Faida yake kubwa ni kwamba majina yote yako mahali pamoja. Mtumishi akiacha kazi, jina lake hufutwa katika daftari moja, na toka hapo kila mlango humkataa.

Kanuni hiyo hutumika pia penye mtandao usio na waya. Vyuo vya Kenya na Uganda vimo katika ushirika uitwao eduroam. Mwanafunzi wa Nairobi akifika Makerere, majibu yake hupelekwa mpaka kwa karani wa chuo chake mwenyewe, kwa kuwa huyo ndiye amjuaye.

Lakini msidhani ya kuwa hodi humaliza kazi. Mashine nyingi za kuchapisha hazijui kujibu, basi mafundi huziruhusu kwa namba zao tu, na namba yaweza kuigwa. Karani asipopatikana, hata mwenyeji hulala nje. Kwa hiyo yafaa wawe wawili. Tena, hapo kwanza swali liliulizwa mlangoni tu, na mwivi aliyejipenyeza katika waya baada ya mwenyeji kukubaliwa aliweza kupita naye. Ndiyo sababu mwaka 2010 kanuni ilitengenezwa upya, ipate kufanya kazi pamoja na nyingine, 802.1AE, ifichayo maneno yapitayo katika waya.

Sasa, wanafunzi, hili ni zoezi lenu. Hesabuni matundu ya waya yaliyo katika kuta za shule yenu, pamoja na yale ya ukumbini na ya maktaba. Kisha mwulizeni fundi kwa heshima: katika haya, ni mangapi yasiyouliza hodi?