KOMPYUTA YA MEZANI: YA KAMPUNI KUBWA AU YA KUUNGANISHWA NA FUNDI?

Wengi mmechoka kuandika oda na kutengeneza picha za bidhaa kwenye simu, mnataka kompyuta. Swali mnaloniuliza sana: ninunue ya kampuni kubwa kama HP, Dell au Lenovo, au ile anayounganisha fundi wa duka dogo?

Mimi niliishia kidato cha nne, kompyuta sijasomea. Hili nimejifunza kwa hela yangu.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa mtumba wa kampuni kubwa. Ndogo, nzuri, haina kelele. Wiki moja kabla ya Idi ikagoma kuwaka. Fundi akafungua, pawa saplai imekufa. Kumbe ina umbo lake na plagi yake, ya kawaida haiingii! Nimezunguka Kariakoo siku mbili, mwisho nikaagiza. Siku tisa sina mashine. Wateja watatu wakadai hela yao, nikarudisha.

Ya pili nikaunganishiwa na fundi. Ndani imefuata vipimo vya ATX, ambavyo Intel walivitoa mwaka 1995 na mpaka leo vinatumika. Pawa ya aina hii ikifa, unanunua nyingine ya kampuni yoyote inayofuata vipimo hivyo, unafunga, unaendelea na kazi.

Ila usikimbilie. Fundi naye anaweza kukuwekea pawa ya bei chee au diski iliyochoka, na huwezi kujua kwa macho. Mashine ya Dell, kwa mfano, ina namba inaitwa Service Tag. Ukiiingiza kwenye tovuti yao unaona ilitoka kiwandani na vifaa gani na waranti inaisha lini. Ya fundi, ushahidi wako ni risiti tu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela:

1. Ya kampuni kubwa: uliza pawa na mazabodi ni za kawaida au za kampuni yenyewe. Kama ni za kampuni, ulizia kwanza spea inapatikana wapi na bei gani.

2. Ya fundi: risiti iandike kila kifaa kwa jina na muda wa waranti yake.

3. Mtumba wowote: hakikisha inakubali Windows 11, maana Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025.

Wewe unatumia ipi, na ikiharibika spea unapata wapi? Andika hapo chini, wenzako wajifunze.