KINYUNYIZIO CHA BUSTANI: KAZI YAKE NA UMRI WAKE KATIKA NCHI YA PWANI

Mtu apitaye njia ya Bofa, upande wa kaskazini wa mji wa Kilifi, katika miezi ya kaskazi, huona mambo mawili yaliyo jirani sana. Ndani ya ua wa majumba ya kando ya bahari, ukoka ni wa kijani kibichi, na maji yanapunga hewani kama upepeo, huku na huko. Nje ya ua, akina mama na watoto wanapita na mitungi ya lita 20, wakitafuta maji ya kupikia. Makala hii haikusudii kumlaumu yeyote kati yao. Imeandikwa hasa kwa ajili ya mtu asimamaye katikati, yaani mtunza bustani afunguaye bomba asubuhi na kulifunga, maana mkononi mwake ndimo maji yanamookolewa au kupotea.

Kifaa Chenyewe

Kinyunyizio tunachokitaja hapa ni kile cha kuyumba, ambacho wengi hukiita springla. Kina miguu ya kulala juu ya nyasi, na juu ya miguu hiyo pana mrija uliopindwa kidogo kama upinde, wenye safu ya matundu madogo mgongoni. Maji yatokayo katika mpira hupita kwanza katika kijumba kidogo kilicho ubavuni. Ndani yake mna gurudumu lenye mapanga, mfano wa gurudumu la kinu cha maji. Maji hulisukuma likazunguka mbio. Kisha magurudumu yenye meno huupunguza mwendo ule, na mwisho mkono mdogo huugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Ndipo mrija huinamia kushoto, ukasimama kidogo, ukainamia kulia, na maji yakaanguka juu ya kiwanja chenye pembe nne. Hapana umeme wala mafuta. Maji yenyewe ndiyo yauendeshayo mtambo.

Kiko pia kinyunyizio cha namna nyingine, kipigacho ndege ya maji kwa nyundo ndogo na kuzunguka kwa vishindo. Hicho kilibuniwa na Orton Englehart wa California, Marekani, mwaka 1933. Hutupa maji mbali kwa matone makubwa, nayo huanguka kwa umbo la duara. Kwa hiyo hufaa zaidi mashamba makubwa. Cha kuyumba hufaa ukoka wa nyumbani ulio na pembe nne.

Yafaa msomaji ajue kwamba katika historia ya vifaa hivi limo jina la mtu wa asili ya Afrika. Elijah McCoy alizaliwa mwaka 1844 huko Ontario, Kanada, na wazazi waliokuwa wametoroka utumwa katika jimbo la Kentucky. Alisomea uhandisi Edinburgh, akapata sifa kwa chombo chake cha kutia mafuta katika injini za mvuke, alichokisajili mwaka 1872. Miongoni mwa uvumbuzi wake mwingi kimo kinyunyizio cha bustani, alichokipatia hati mwaka 1899.

Msukumo wa Maji

Jambo la kwanza la kuuliza kabla ya kununua ni hili: je, maji yako yana nguvu ya kutosha? Vinyunyizio vingi vya kuyumba hutaka msukumo ulio sawa na ule wa tangi lililoinuliwa mita 15 hadi 20, na vingine hutaka zaidi. Sasa tutazame hali ya Bofa. Maji ya bomba ya Kilifi hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na maji hayo hayo hutazamiwa pia na watu wa Malindi na Mombasa. Kwa kuwa mara nyingi hukatika, wenye nyumba huyaweka akiba katika matangi. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 6 hutoa msukumo wa mita 6 tu, na sehemu ya msukumo huo hupotea njiani kwa kusuguana na ubavu wa mpira, hasa mpira ukiwa mrefu na mwembamba.

Matokeo yake huonekana upesi. Mrija huyumba kwa uvivu, kisha husimama upande mmoja. Hapo maji huendelea kutoka, lakini huanguka mahali pamoja tu. Pakawa dimbwi hapa na ukoka mkavu pale. Wengi hudhani kifaa kimeharibika, wakakitupa na kununua kingine, nacho kikafanya vile vile. Mtu mwenye tangi la chini ana njia tatu: afupishe mpira na kutumia ulio mpana, au atie pampu ndogo, au aache kabisa kinyunyizio na kumwagilia kwa mpira wa mkononi. Njia hii ya tatu haina aibu. Ni afadhali mpira ufanyao kazi kuliko mtambo uliolala.

Upepo na Saa ya Kumwagilia

Kinyunyizio cha kuyumba hurusha maji juu sana, tena kwa matone membamba. Penye utulivu jambo hilo ni jema, kwa maana matone hayapigi mbegu wala kuchimba udongo. Lakini katika pwani yetu upepo wa kusi na wa kaskazi hupeana zamu mwaka mzima, na mchana upepo wa baharini huvuma kwa nguvu. Maji yarushwayo saa sita za mchana hukokotwa na upepo hadi ukutani na barabarani, na mengine hukauka hewani kabla ya kugusa nchi. Saa iliyo bora ni alfajiri, kabla jua halijapanda. Upepo huwa umepoa, na majani hukauka mapema baadaye, wala hayashikwi upesi na ukungu wa magonjwa.

Namna ya Kupima

Haitoshi kusema, "Nimemwagilia saa nzima." Yapasa kujua maji mangapi yametumika na yameanguka wapi. Fanya hivi.

Soma mita ya maji, au tia alama katika tangi, kisha endesha kinyunyizio nusu saa bila kufungua bomba jingine lolote. Tuseme zimepungua lita 450. Basi kifaa chako hutumia lita 900 kwa saa, nazo ni mitungi 45.

Pili, panga makopo 12 ya namna moja, yenye ubavu ulionyooka, katika safu tatu juu ya ukoka wote. Baada ya nusu saa, pima kwa rula kina cha maji katika kila kopo. Kumbuka kanuni hii nyepesi: lita 1 ikimwagwa sawasawa juu ya mita 1 ya mraba hufanya kina cha milimita 1. Kiwanja cha mita 10 kwa 15 kina mita 150 za mraba. Basi lita 900 zitafanya milimita 6 kwa saa, au milimita 3 kwa nusu saa.

Lakini makopo hayatakuwa sawa. Huenda ya katikati yakawa na milimita 2, na ya ncha mbili yakawa na 4 au 5. Sababu ni kwamba mrija husita kila unapofika mwisho wa kuyumba kwake, na wakati ukisita maji huzidi pale. Watengenezaji wazuri hulipunguza kosa hili kwa umbo la kipande kinachousukuma mrija, ili ugeuke upesi. Wewe nawe waweza kulipunguza kwa kukihamisha kifaa, ncha ya leo ikutane na ncha ya jana.

Sasa hesabu gharama. Ukitaka kuupa ukoka milimita 15 kila siku ya tatu, itakubidi uendeshe kifaa hicho saa mbili na nusu, nawe utatumia lita 2,250. Nyumba ya watu watano itumiayo mitungi 5 kwa siku ingeyatumia maji hayo siku 22. Hesabu hii haimkatazi mtu kuwa na ukoka. Lakini aijuaye hawezi tena kuacha bomba wazi akaenda kunywa chai, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Chumvi Chini ya Kisima

Wengine husema, "Mimi sinunui maji, nina kisima changu." Neno hili lina hatari iliyofichika. Nchi ya Bofa ni mchanga na mwamba wa matumbawe, na chini yake maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu wawili, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa wakati wake, walieleza kanuni ya jambo hili: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko mita 40 hivi za maji matamu chini yake. Maana yake ni kwamba usawa ule ukishuka mita 1 tu kwa kuvuta mno, chumvi yaweza kupanda, baada ya muda, mita 40.

Nayo chumvi haiulizi kisima ni cha nani. Avutaye maji usiku kucha kwa ajili ya ukoka huweza kukiharibu kisima chake na cha jirani yake. Ndiyo sababu Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa kuomba kibali cha kutumia maji ya ardhini. Tena maji ya chumvi yakirushwa juu ya majani huyaunguza, hata kama mizizi ingeyavumilia. Ukionja maji ya kisima na ulimi ukahisi chumvi, usiyapitishe katika kinyunyizio; yamwage chini, penye mizizi.

Umri wa Kifaa

Katika pwani, kinyunyizio kina adui wanne: jua, hewa ya chumvi, mchanga na chokaa.

Jua hukausha plastiki mpaka ikapasuka kwa kuguswa tu. Hewa ya chumvi hula chuma upesi. Skrubu na springi za chuma ndizo huanza kushika kutu. Alumini hushikwa na vidonda vyeupe. Shaba ya manjano hudumu zaidi, nayo ndiyo ichaguliwe kwa matundu na kiungo cha mpira, ijapokuwa bei yake ni kubwa. Mchanga huingia katika kijumba na kusaga meno ya magurudumu kama tupa. Chokaa, itokayo katika maji ya mwamba wa matumbawe, huganda ndani ya matundu kama ukoko ndani ya sufuria.

Tiba zake ni rahisi. Tia chujio mahali mpira unapoungana na kifaa, ulisafishe kila juma. Matundu yakiziba, yazibue kwa sindano nyembamba, usiyapanue. Kisha loweka mrija katika siki au maji ya ndimu hadi chokaa ilegee, uusuuze vizuri. Kiungo kikivuja, badili washa ya mpira, usikikaze kwa koleo hadi kikavunjika. Kazi ikiisha, kimwage maji yote na kukiweka kivulini. Wala usiusukume mrija kwa mkono ili uende upesi, kwa kuwa hapo ndipo meno ya ndani hukatika, na meno yaliyokatika hayana fundi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Maswali ya Kujipima

1. Kwa nini kinyunyizio husimama upande mmoja maji yatokapo katika tangi la chini?
2. Kifaa kikitumia lita 600 kwa saa juu ya mita 100 za mraba, ukoka hupata milimita ngapi kwa saa?
3. Kwa nini kisima cha mtu mmoja huweza kuharibiwa na pampu ya mwingine?

Jibu la swali la pili ni milimita 6. Majibu mengine yamo katika makala hii. Mwenye kuyajua yote matatu anastahili kukabidhiwa ufunguo wa bomba. Naye akizungumza na mwenye nyumba juu ya kupunguza saa za kumwagilia, na aende na makopo yake na rula yake, maana hesabu husikilizwa mahali ambapo manung'uniko hayasikilizwi.