Filamu Nyeusi na Nyeupe Iliyoisha Muda: Namna ya Kuipigia na Kuisafisha Penye Joto

Katika masanduku ya nguo, Dutumi kama kwingine Pwani, huenda bado kuna mikanda ya filamu iliyosahaulika. Usiitupe. Mwaka 1930, filamu za msafara wa puto wa S. A. Andrée, uliopotelea Aktiki mwaka 1897, zilipatikana kisiwani Kvitøya. John Hertzberg alizisafisha Stockholm, na picha 93 zikaokoka.

Filamu hizo zilihifadhiwa na baridi. Iliyokaa miaka mingi chini ya bati, Kibaha au Kisarawe, imepigwa na joto. Kwa hiyo uliza kwanza ilikaa wapi, ndipo usome tarehe kwenye boksi. Joto na miaka hufanya chembe za fedha ambazo hazijaona mwanga ziitikie dawa kana kwamba zimeuona. Negativu hufunikwa na utando wa kijivu na picha hufifia. Filamu ya kasi kubwa, kama ISO 400, huzeeka haraka kuliko ya ISO 100.

Itambue kwanza

Kwa filamu ya milimita 35, ulimi ukiwa nje ya kikopo, kwa kawaida haijapigwa. Ukiwa umeingia wote ndani, ichukulie kuwa ina picha za watu. Soma pia maandishi: Ilford XP2 na Kodak BW400CN ni nyeusi na nyeupe, lakini husafishwa kwa dawa za filamu ya rangi (C-41).

Kupiga picha

Filamu iliyochoka inahitaji mwanga zaidi. Makadirio ya kuanzia ni kuongeza hatua moja (yaani mwanga mara mbili) kwa kila miaka kumi. Ya ISO 400 iliyoisha muda miaka 20 iliyopita, ipige kama ISO 100. Kwenye jua kali, tumia f/16 na kasi ya 1/125. Kama ilikaa kwenye friji, huenda hatua moja ikatosha. Ukiwa na mikanda kadhaa ya boksi moja, toa mmoja wa majaribio: piga kitu kilekile kwa ISO 400, 200 na 100, usafishe, kisha uchague.

Kusafisha

Pakia filamu kwenye tangi gizani kabisa. Taa nyekundu ni ya karatasi za kuchapia. Filamu nyingi itaziharibu. Fanya kazi hiyo usiku, mikono ikiwa mikavu, kwani filamu ya zamani hujikunja na hunata kwa jasho.

Changamoto kubwa ni maji. Ya kwenye simtangi yanaweza kufika nyuzi 28, ilhali dawa nyingi zimepimiwa nyuzi 20. Weka chupa za dawa kwenye ndoo ya maji, tia barafu iliyofungwa kwenye mfuko, na upime kwa kipimajoto. Ukishindwa kufika 20, zilinganishe zote, pamoja na maji ya kuoshea, kwenye nyuzi 24. Kwa mfano, filamu ya Ilford HP5 Plus kwenye dawa ya D-76 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huchukua dakika 13 kwa nyuzi 20, na kama 9 kwa nyuzi 24. Kwa filamu yenye utando mzito, wengi huchagua dawa ya HC-110, ambayo huzuia utando vizuri. Usirefushe muda ukidhani utaokoa picha, kwani utando nao utakua.

Kwa mkanda wenye picha za zamani, kama kuna mwingine wa aina hiyohiyo usio na thamani, anza na huo.

Kabla ya kuanza, chovya kipande cha ulimi kwenye fiksa (dawa ya kuidumisha picha), mwangani. Pima muda kinaochukua kuwa angavu, kisha uuzidishe mara mbili: huo ndio muda wa fiksa kwa filamu nzima. Osha vizuri, anika pasipo vumbi, na usiguse upande wenye picha, kwani joto huulegeza.

Usalama

Vaa glavu, na vyombo vya dawa visirudi jikoni. Fiksa iliyotumika ina fedha inayodhuru viumbe wa majini. Usiimwage kisimani wala karibu na Mto Ruvu, chanzo kikubwa cha maji ya Dar es Salaam. Ihifadhi kwenye dumu lililoandikwa, umpe anayekusanya taka za kemikali.

Negativu zikikauka, zitie kwenye bahasha za karatasi, kisha uwaonyeshe wazee mapema. Andika majina ya waliomo, mahali na mwaka. Picha isiyo na majina huwapa wajukuu nusu tu ya habari.